Meza ya Nyumba Ile

Mtaa mzima ulimwita Fundi Bado, na hakuwa na haki ya kulalamika. Kwa kazi za watu hakuwa na mchezo: ukimwagiza kabati, siku ya ahadi utalikuta limekwisha, linang'aa, na milango yake inafunga bila kelele. Maseremala wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi. Lakini muulize jambo linalomhusu yeye mwenyewe, lini atatundika yale mapazia aliyoyashona mkewe, lini atanunua shati la kutokea, lini atakwenda kumsalimu dada yake, jibu lilikuwa moja tu. Bado. Tusubiri kwanza tuhamie nyumba ile.

Nyumba ile, tusifichane, ilikuwa msingi. Ulijengwa nje ya mji mwaka ambao binti yake mkubwa alikuwa na miaka saba, na tangu hapo haukuongezwa hata tofali moja. Mbuzi wa jirani walikuwa wakilala sebuleni. Mpapai ulijiotea katika chumba cha wageni, ukazaa, watu wakala. Kila Jumapili Fundi Bado alikwenda kuikagua. Aliingia kwa kupita mahali palipokusudiwa mlango, hakukanyaga mahali palipokusudiwa ukuta, kisha akarudi uso umemkunjuka, akiwaeleza watu wake jinsi upepo wa huko ulivyo mzuri.

Kwa sasa waliishi katika vyumba viwili vya kupanga, mlango wao ukitazama korido nyembamba. Yeye, mkewe ambaye alikuwa akipiga pasi nguo za watu, mama yake mzazi aliyekwisha kula chumvi nyingi na ulimi haujapungua makali, binti mkubwa ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na mtoto wa mwisho wa miaka minane waliyemwita Kitinda. Watu watano, pamoja na mali ya nyumba ile. Uvunguni mwa kitanda kulikuwa na koki za bomba, vitasa vya milango saba na kengele ya kubonyeza ya mlango wa mbele. Sahani za harusi zilikuwa ndani ya katoni tangu harusi. Darini vilining'inia viti vitano, kila kimoja kimefungwa nailoni, alivyovitengeneza mwaka ule ule wa msingi. Na chini ya viti hivyo, familia ya seremala hodari kuliko wote mtaani ilikula imekalia ndoo, madumu ya maji na ukingo wa kitanda, sahani za plastiki mapajani.

Hata ugomvi uliahirishwa. Miaka kumi na moja iliyopita Fundi Bado alimwazima binamu yake mwavuli wa mkewe bila kuuliza, na mwavuli ukaenda na maji. Mke alipoanza kupandisha sauti, mume akamsihi wasigombane humu, kwa kuwa ukuta ni mwembamba na jirani yao, mwalimu mstaafu, ana masikio. Wakihamia nyumba ile watagombana kwa nafasi, hata kutwa nzima. Mke akakubali, na ugomvi ukawekwa akiba pamoja na mapazia.

Sasa, mwaka huu binti mkubwa akapata nafasi ya chuo, katika mji ulio safari ya siku mbili kwa basi. Alikuwa aondoke Jumapili. Fundi Bado alifurahi hadi akaharibu mguu wa stuli ya mteja, jambo ambalo halijapata kutokea, akamtangazia kila aliyepita karakana kwamba binti yake anakwenda kusomea udaktari. Jumatatu jioni, binti akamfuata chumba cha mbele alipokuwa akinoa patasi.

"Baba, Jumamosi ndiyo siku yangu ya mwisho hapa," alisema. "Nataka tule mezani, sote watano. Mara moja tu."

Hakukuwa na haja ya kuuliza meza ipi. Ilikuwa karakana, vipande vipande, mbao za mninga zilizopigwa randa na msasa miaka nenda miaka rudi, zikisubiri nyumba yake. Binti alikua akisimuliwa meza hiyo badala ya hadithi. Fundi Bado akacheka kwa upole. Akamwambia meza ile ni ya nyumba ile, na asiwe na wasiwasi, siku moja akija likizo atakalia nafasi yake upande wa dirisha, akitazama bustani. Binti akasema sawa. Aliisema hiyo sawa kwa namna iliyomfanya mama yake, chumba cha pili, aweke pasi chini.

Bibi, aliyekuwa amekalia ndoo yake, akatoa maoni yake bila kuombwa. Alisema wale mbuzi wa msingini wamekwisha kupata wajukuu, na kwamba yeye amezaa seremala na bado anakalia ndoo, kwa hiyo akifa wamzike nayo, wameshazoeana.

Pengine mambo yangeishia hapo, lakini Jumanne mvua ilinyesha na paa la karakana likavuja. Fundi Bado alikuta ubao mmoja wa meza umeanza kujikunja pembeni. Ubao mkavu ukiachwa peke yake katika unyevu hujipinda, ila ukiunganishwa na wenzake hushikana ukatulia. Hapakuwa na la kungoja. Akakodi mkokoteni, akazileta mbao zote nyumbani, akasogeza kila kitu ukutani na kuanza kuunga meza katikati ya chumba cha mbele. Aliwaambia watu wake wasijipe matumaini. Ataiunga tu, gundi ikikauka ataitoa, ataifunga nailoni, ataitafutia mahali pakavu ingoje.

Hakutumia msumari wala skrubu, kwa sababu aliamini hivyo ni vitu vya mafundi wenye haraka. Kila ulimi wa ubao uliingia tundu la mwenzake, ukapakwa gundi, ukapigiwa kigingi cha mti. Miguu akaifunga kwa chini, pande zote nne, kwa pau nene ili isitikisike hata mtu akicheza ngoma juu yake. Kwa siku tatu familia ilipita kwa ubavu. Bibi ikabidi apandishwe kitandani mapema, maana baada ya hapo hapakuwa na njia. Na Alhamisi alasiri, alipofuta vumbi la mwisho, wote walisimama wakaitazama. Ilikuwa meza nzuri kuliko meza zote alizowahi kuunda, na yeye alilijua hilo kabla ya mtu yeyote kusema. Kitinda akaweka viwiko juu yake, akaambiwa aviondoe.

Ijumaa asubuhi akamwita fundi mwenzake, aliyeitwa Kucha Moja kwa sababu nyundo ilikuwa imekwisha kula nyingine, waje waitoe. Walipofika mlangoni, meza ikakataa. Wakailaza ubavu, ikakataa. Wakaisimamisha wima, ikagonga dari na viti vikayumba. Kucha Moja akatoa futi kamba. Mlango ulikuwa na inchi ishirini na sita. Meza, hata uigeuze vipi, ilikuwa na inchi thelathini, na zile pau za chini hazikuacha upenyo wa kuizungusha mguu baada ya mguu.

"Ulipima mlango upi?" akauliza Kucha Moja.

Fundi Bado aliugeukia mlango. Alikuwa ameipima meza kwa ramani. Mlango wa mbele wa nyumba ile ulikuwa na futi nne na nusu, ungepitisha meza hii pamoja na watu wanne wakila juu yake. Huu mwingine, anaoingia na kutoka kila siku ya Mungu, hakuwahi kuupima hata siku moja.

"Wa nyumba ile," akasema.

Kucha Moja aliketi sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu. Upande wa pili wa ukuta mwalimu mstaafu naye akasikika akikohoa kwa namna ya mtu anayezuia kitu.

Mwenye nyumba akaitwa. Alikagua mlango, akakagua ukuta, akasema ukuta wake hauvunjwi kwa ajili ya samani. Dirisha lilikuwa na nondo. Kuibomoa meza haikuwezekana, gundi yake haijui kuachia. Basi Fundi Bado akashika tama, akafikiri mchana kutwa, na mwishowe akatamka kwamba kesho atakata miguu. Akifika nyumba ile ataiunga tena kwa vyuma. Kucha Moja akamuuliza kwa nini asiiache tu ilipo, wakailia. Akajibu kwamba meza ikitumiwa kulia chakula itapata alama, mduara wa kikombe hapa, mkwaruzo wa kisu pale, na yeye alitaka iingie nyumba ile haina doa. Kwa hiyo ili isichafuke ataikata miguu, akasema Kucha Moja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakucheka. Alichukua kofia yake akaenda zake.

Jumamosi saa nne asubuhi Fundi Bado alikuwa na msumeno mkononi. Mkewe alikuwa amepika tangu asubuhi, chakula cha kumuaga binti yake, na sufuria zilikuwa zimejipanga sakafuni kwa kukosa mahali pengine. Ili aipindue meza ilibidi kwanza viti vishushwe kutoka darini, kwani vilikuwa vikimgonga kichwa. Binti mkubwa akapanda kitandani kumsaidia, akavifungua kimoja kimoja na kumpa. Cha Bibi kilikuwa na mikono. Cha mke kilikuwa na egemeo refu. Kitu kimoja kilichokuwa kizuri kwa Fundi Bado ni kwamba hakuwatengenezea watu viti hivihivi tu. Alimpima kila mmoja, goti hadi sakafu, na kila kiti kilikuwa na mwenyewe. Cha tano kilitengenezwa cha mgeni, maana Kitinda alikuwa hajazaliwa.

Binti akafika kwenye chake. Akakigeuza, akasoma maandishi ya penseli chini ya ubao wa kukalia: Binti, inchi kumi na tatu. Akakiweka sakafuni akakikalia.

Magoti yalimpanda mpaka karibu na kidevu. Kitinda alianguka kwa kicheko. Mama yake akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Bibi akacheka mpaka ndoo ikalia, akasema sasa amepata mwenzake wa kukaa chini. Hata binti mwenyewe alicheka, akajaribu kukunja miguu huku na huku kama mtu mzima aliyeitwa shuleni kwa mwanawe akapewa dawati la darasa la kwanza. Fundi Bado naye akaanza kucheka vizuri tu, na katikati ya kicheko akasita.

Alikumbuka siku ile ya kupima. Mtoto alikuwa hana meno mawili ya mbele na hakutaka kutulia, ilibidi amshike kifundo cha mguu. Alikuwa ameandika kipimo akijiambia kwamba mwaka kesho, ukichelewa sana mwaka keshokutwa, atamwona amekalia kiti hiki. Wala hakukosea hesabu. Kiti kilikuwa sawasawa, kazi safi isiyo na dosari, isipokuwa mtoto wake hakuwepo tena. Mwenye kiti alipita humu ndani mbele ya macho yake miaka kumi na miwili, akikalia dumu la maji.

"Siku ukija likizo," alianza kusema, kwa mazoea, "kwenye nyumba ile nitakutengenezea..."

"Baba," binti akamkatiza, na haikuwa kawaida yake, "mimi nikija likizo nitakuwa mgeni. Nyumba ile sijawahi hata kulala. Nyumba yangu ni hii. Homa zangu zote nimeugulia humu."

Hakuyasema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Fundi Bado alitazama msumeno mkononi mwake. Kisha akautazama mguu wa meza, mguu aliouchonga kwa wiki mbili, na akaona aibu, aibu ya kweli ya kushuka hadi miguuni. Akaenda akautundika msumeno ukutani.

"Mama Kitinda," akasema, "toa sahani."

"Zipi?" akauliza mkewe.

"Zile."

Mkewe alimwendea, akamwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama anaumwa. Aliporidhika kwamba ni mzima, akaenda mbio kuleta katoni kabla mtu hajabadili mawazo.

Sahani zilikuwa zimefungwa kwa magazeti ya miaka ishirini iliyopita. Kitinda akapewa kazi ya kuyasoma kwa sauti, na Bibi akashangaa bei za wakati ule na hali ya hewa. Chakula kikapakuliwa juu ya mninga mtupu, bila kitambaa, kwa kuwa kitambaa cha meza hiyo hakikuwahi kununuliwa. Bibi aliketi katika kiti chake chenye mikono, akajaribu kushoto, akajaribu kulia, akatangaza kwamba atakayemtoa humo aje na polisi. Mke akakaa chake. Kitinda akapewa cha mgeni, juu ya mto. Kikabaki kiti kimoja kikubwa na kimoja kidogo, na binti akainama kuchukua kidogo.

"Hicho changu," akasema Fundi Bado.

Akamketisha binti kwenye kiti chake mwenyewe, naye akakalia zile inchi kumi na tatu. Meza ilimfika kwapani. Kila akipeleka mkono kwenye sahani ilibidi aunyanyue kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Bibi akamwambia amerudi kuwa mtoto mzuri. Wakala. Na walipokuwa katikati ya chakula, mkewe akaweka kijiko chini, akajipangusa mdomo kwa utulivu mkubwa.

"Na ule mwavuli wangu," akasema.

Fundi Bado akatazama ukuta, akawatazama watoto, akamtazama mkewe, akaona hana pa kukimbilia, hasa kwa mtu aliyekaa chini namna ile. Akasema amekosa, na kwamba alipaswa kuuliza. Mke akasema huo si ugomvi, yeye ameandaa maneno miaka kumi na moja, angalau ajitetee kidogo. Akajitetea kidogo. Mke akamshushua moja baada ya jingine, kwa raha zake, macho yanacheka, mpaka jirani akasema kupitia ukutani kwamba kwa aliyoyasikia, mama ana haki. Bibi akamjibu jirani aache kuchungulia kwa masikio, aje ale. Mwalimu mstaafu akaja, amebeba kiti chake.

Fundi Bado alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa anamtazama binti yake kutoka chini, pale alipokaa, na kutoka huko alionekana mtu mzima kabisa, mwanamke mwenye shingo ndefu na namna yake ya kushika glasi. Likamjia swali ambalo lilimshangaza yeye mwenyewe.

"Hivi mwanangu, huko chuoni unakwenda kusomea nini hasa?"

Binti akatabasamu, akamwangalia mama yake kwanza.

"Upimaji wa ardhi, Baba."

"Si udaktari?"

"Nilikwambia mara tatu. Ukasema tutaongea vizuri siku tukiwa barazani, nyumba ile."

Fundi Bado alikumbuka. Hakukumbuka upimaji, alikumbuka baraza. Alifikiria watu wote pale karakana waliokwisha kumpa pongezi za daktari, akafikiria miezi yote ambayo binti huyu alibeba habari yake mwenyewe humu ndani akingoja baraza ijengwe. Akaomba maji, akapewa, akayanywa yote, na glasi alipoirudisha mezani ikaacha mduara wa unyevu juu ya mninga. Hakuufuta.

"Basi niambie sasa," akasema. "Upimaji kwa nini?"

Binti akavuta pumzi. Akasema anapenda kupima. Akasema tangu mdogo alikuwa akimtazama akinyoosha futi kamba na kuweka penseli nyuma ya sikio. "Nadhani mapenzi hayo nimeyatoa kwako, Baba." Kisha akaendelea. Alieleza habari za mipaka na vilima, na vyombo vya miguu mitatu vinavyoona mbali kuliko jicho, na jinsi alivyojifunza hesabu zake kitandani wenzake wakiwa wamelala. Aliongea mpaka chakula kikapoa na hakuna aliyeinuka. Fundi Bado aliuliza, akauliza tena, miguu imemfa ganzi kwenye kile kiti, na hakumbuki kama aliwahi kufurahi hivyo maishani mwake.

Jumapili alfajiri walimsindikiza kituoni. Basi likaondoka, mkewe akalia, Bibi akalia, yeye akalia pia na hakujificha. Ilikuwa siku ya kwenda kuikagua nyumba ile, lakini waliporudi alipita kwa ubavu kando ya meza, akatafuta futi kamba yake, akamwita Kitinda asimame mbele yake. Akapiga goti, akaweka ncha ya futi sakafuni.

Kitinda alikuwa mtoto wa nyumba hii na alijua mambo yake. Viatu vyake vyote vilinunuliwa vikubwa, na sare yake ya shule ilikuwa na pindo la kushushwa kwa miaka mitatu. Akasimama kwa ncha za vidole, akajinyoosha kadiri alivyoweza.

"Ongeza, Baba," akasema. "Nitakua."

"Najua," akasema Fundi Bado. "Ukikua nitatengeneza kiti kingine. Shusha visigino."

Mtoto akashusha visigino, na baba yake akaandika kipimo cha siku ile.